Shaba Nilizoziweka kwa Watu kama Ng'ombe

Siku mbaya kuliko zote katika kazi yangu si ile niliyoanguka na baiskeli mteremkoni, wala ile niliyong'atwa na mbwa wawili wa nyumba moja. Ni siku niliyokaa kwenye benchi uani kwa Paskali Tluway, kijijini Hirbadaw, mbele ya wazee watano, naye Paskali akanivisha bangili mkononi na kusema, "Pole sana ndugu yangu. Ng'ombe wako walikufa. Ngozi yao ndiyo hii."

Ng'ombe wenyewe walikuwa shaba sita. Vipande vya madini vya ukubwa wa kizibo cha soda, nilivyompa anitunzie miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo. Wazee wote watano walitikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja wao, Mzee Baran, akaniambia nishukuru, maana si kila mtu siku hizi anarudisha ngozi. Nikashukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilishukuru.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaozunguka sasa na pikipiki na simu, mnaopiga picha shaba ya mtu na kuirusha kabla hamjamwamkia. Mimi naitwa Fabiano Amsi. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza vizuri. Kazi ya kutafuta shaba za zamani nimeifanya miaka ishirini na tatu na nimeiacha mwaka huu. Hakuna aliyenistaafisha ila goti la kulia. Majina ya waliohusika nitayataja, kwa sababu wao walipotenda hawakufunika nyuso.

Nilianza na vyuma chakavu, pale Dongobesh, kwa Mzee Juma. Yeye ni mtu wa Kondoa, alikuja huku kijana akauza sindano, akaishia na duka. Mbele ya duka mabeseni ya plastiki, nyuma ya duka vyuma vya kila aina. Kazi yangu ilikuwa kufunga mabeseni kwenye baiskeli, kwenda vijijini, na kubadilishana. Mtu ana jembe limekatika, sufuria imetoboka, anapata beseni. Siku yangu ya kwanza nilirudi na ringi ya gari nzito, nikajiona nimefaulu. Jumapili iliyofuata katekista akaja dukani, mpole sana, akauliza kama tunaweza kumrudishia kengele ya kanisa. Ringi ile ilikuwa imetundikwa uwanjani pa kanisa, inagongwa kwa nondo watu waje ibada. Aliyenipa ni Bura Hhando, jirani wa kanisa, ambaye alikuwa analalamika miaka yote kwamba kengele inamkatiza usingizi. Beseni alibaki nalo.

Mzee Juma hakunifukuza. Alisema, "Umejifunza kuuliza chuma ni cha nani. Wengine wanajifunza hilo wakiwa polisi."

Shaba ya kwanza niliiona kwake. Alimwaga gunia la vyuma chini, akainama, akatoa kitu kidogo cheusi chenye tundu katikati, akakiweka kando peke yake. Nikamwuliza ni nini. Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi, kwa sababu wengi wenu mnazitafuta bila kujua zilikuwa za nini.

Chini ya mlima Hanang, enzi za ukoloni, palikuwa na shamba la ngano la Mzungu ambaye wazee walimwita Bwana Miwani. Serikali ilikuwa na hela zake. Bwana Miwani alitengeneza zake mwenyewe, za shaba, zenye picha ya jembe la kukokotwa na ng'ombe upande mmoja na herufi mbili upande wa pili. Kibarua akifanya kazi anapewa shaba. Shaba hiyo inapokelewa katika duka moja tu duniani, nalo ni la Bwana Miwani. Zilikuwa aina sita. Ya siku nzima ni duara yenye tundu katikati. Ya nusu siku ni hiyo hiyo imekatwa kama chapati. Kuna ya mahindi, ya kitambaa na ya maziwa. Ndogo kuliko zote ni ya chumvi, ina mikato miwili pembeni, nayo walipewa wanawake waliobeba maji ya vibarua kutwa nzima.

"Hii haiendi kuyeyushwa," Mzee Juma akasema. "Chuma chakavu ni kile ambacho mwenyewe amekichoka. Hiki mwenyewe amekisahau tu."

Akanipa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Hiyo ndiyo zana yangu ya kwanza, na ninayo bado. Shaba haishikwi na sumaku, basi kinachoshikwa ni chuma kilichopakwa rangi na mjanja. Zana ya pili ni jiwe la mtoni. Iangushe shaba juu yake usikilize, inalia kwa kuvuta, haifi ghafla kama bati. Zana ya tatu ni mikono isiyosugua. Nimeona vijana wanasugua shaba kwa majivu mpaka picha ya jembe inaondoka, halafu wanajisifu kwamba inang'aa. Uso wa bibi yako nao kausugue.

Na jambo la kuuliza. Usiingie uani kwa mtu ukasema unatafuta shaba za zamani. Atadhani una mashine ya kupima madini, atamwita mgambo. Mimi nilikuwa naamkia, napewa kigoda, naomba maji, halafu nauliza, "Bibi, enzi zile mlikuwa mnafanya vibarua wapi?" Baada ya hapo unanyamaza. Kuna siku nilinyamaza saa tatu, nikasikia habari za ugonjwa wa mbuzi, za mkwe mvivu, za padri aliyeogopa kuku, na mwisho bibi akaingia ndani akatoka na shaba mbili zimefungwa kwenye kitambaa.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kule Masakta, kwa Mzee Lohay, shaba nane za siku nzima zilikuwa juu ya paa. Baba yake alipopata bati aliona shaba zina tundu tayari, akazipigia misumari ziwe washa za bati, maji yasipenye. Nilipanda na koleo. Kila nikitoa shaba naweka kipande cha mpira nilichokata kwenye soli ya katambuga.

"Umefika wapi?" Mzee Lohay ananiuliza kutoka chini.

"Ya tatu, mzee."

"Mvua ikiingia nakujua kwenu."

"Haitaingia."

"Baba alisema maneno hayo hayo, lakini yeye alikuwa mwenye nyumba."

Mvua iliingia. Nilirudi mara nne kuziba. Mara ya nne tulikuwa tumeshakuwa marafiki, maana mtu uliyemvujishia nyumba mnajuana sana.

Jirani yake Mzee Lohay ndiye Bibi Agata. Huyu mshike vizuri. Alibeba maji kwa Bwana Miwani akiwa msichana. Siku ya mwisho ya msimu alipewa shaba ya chumvi, akaenda dukani, akakuta mlango umefungwa. Bwana Miwani alikuwa amehama, ameuza shamba, dukani hapakuwa na mtu. Shaba ile akakaa nayo maisha yake yote. Katika miaka yangu ishirini na tatu sijaona ya chumvi nyingine. Zote zilibadilishwa chumvi zikarudi kwa mwenyewe. Ya kwake ilibaki kwa sababu alidhulumiwa.

Nilimpelekea beseni kubwa. Akalikataa. Akasema, "Beseni ninalo. Wewe ichukue, uiweke mahali watu wengi wataiona, wajue kwamba mimi Agata nilibeba maji kutwa nzima na chumvi sikupewa." Nikamwahidi. Nilikuwa kijana, kuahidi hakukunichosha.

Sasa nifike kwenye kosa langu, nalo nalikubali, ili mtu asije akasema Fabiano analaumu wengine tu.

Shaba zilipofika ishirini na nane niliogopa kuziweka nyumba moja. Mzee Juma aliniambia nizifungie kwenye sanduku lenye kufuli. Lakini mimi ni mtoto wa mfugaji. Baba yangu hajawahi kuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wawili kwa rafiki huku, watatu kwa rafiki kule, ili ugonjwa ukija usiwamalize, na mwenye kijicho asijue una wangapi. Anayekutunzia anakunywa maziwa, anapata samadi, na wakizaa sana unampa ndama. Akifa ng'ombe, anakuletea ngozi uione kwa macho yako, kesi inaisha. Ndivyo tulivyolelewa. Na huku kwetu ukimwachia mtu mfuko tu, ukasema nitunzie, ni mzigo, atauegemezea mlango. Ukimwekea ng'ombe, atakesha naye.

Basi nikaziweka kama ng'ombe. Nilikwenda kwa kila mtu na dumu la pombe ya asali, tukakaa, nikasema maneno yote kama baba alivyokuwa anayasema. Kumi na nne kwa Mama Zainabu, mke wa Mzee Juma. Nane kwa Mzee Lohay, zile zile za paa lake. Sita kwa Paskali Tluway, Hirbadaw, moja ya kila aina, pamoja na ya Bibi Agata. Paskali nilimpa zilizo bora kwa sababu tulipata kipaimara pamoja. Nakumbuka aliuliza, "Na maziwa yake nitayanywa wapi?" Nikajibu, "Maziwa yake ni heshima." Tukacheka sana wote wawili. Yeye alicheka zaidi.

Mwaka huu akaja nyumbani Mwalimu Restituta, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, katibu wa kamati inayofungua chumba cha kumbukumbu pale Mbulu. Alisema wanataka shaba za Bwana Miwani ukutani, aina zote sita kwenye fremu moja, na chini yake yaandikwe majina ya waliozitoa. "Zikiwa tano hatuweki," akasema. "Watoto wa shule watauliza ya sita iko wapi na sitakuwa na jibu." Nikamwambia zipo. Nikaenda mpaka Masakta kumwambia Bibi Agata. Haoni vizuri tena. Akasema si lazima aione, ataigusa.

Nikaanza kukusanya. Dongobesh, Mama Zainabu alitoa kopo la majani ya chai, akahesabu kumi na nne mezani. Mzee Juma alikuwa amekwisha kufa, Mungu amrehemu.

"Kuna mtu alipita hapa akaniambia nikudai ndama," akasema.

"Nani huyo?"

"Yule rafiki yako Paskali. Nikamwambia sisi Waislamu hatuli riba, hata ikiwa na miguu minne."

Nilicheka. Sikujiuliza Paskali alikuwa na haraka gani ya kufundisha watu kudai.

Masakta ndiko nilikoacha kucheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua ng'ombe wako."

"Shaba zangu, mzee."

"Hao hao. Wako wanane, wamenenepa."

Kweli zilikuwa zimenenepa. Mzee Lohay alizipaka samli kila msimu kwa miaka kumi na moja, na sijaona shaba zilizotunzwa kama zile. Nikamshukuru, nikanyoosha mkono.

"Na ndama wangu?"

"Mzee, shaba haizai."

"Miaka kumi na moja, wanane, hakuzaa hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi uliniwekea tasa na hukunieleza. Mtu anamwekea mwenzake tasa mmoja kwa bahati mbaya. Wanane ni dharau."

Maneno ya ng'ombe niliyaleta mimi, na dumu nililileta mimi. Tulikubaliana achague mmoja. Akachagua taratibu, anawageuza, anawatazama ubavuni, akamchukua mwenye tundu lililonyooka. Nasikia amempigilia kwenye paa. Huyo sina kinyongo naye, haki yake alipata.

Halafu Hirbadaw. Paskali alinipokea vizuri kupita kiasi. Benchi limeshatolewa, wazee watano wameshakaa, na mimi sikuwa nimemwambia mtu kwamba nakuja. Mwanzo mmeshausikia. Lililofuata baada ya kuvishwa bangili ni hili.

"Walikufa na nini?" nikamwuliza.

"Ukame."

"Ukame gani unaua shaba?"

"Ule wa mwaka ule. Uliua kila kitu."

"Ulikuwa mkali kweli," Mzee Baran akasema, na wengine wakaguna kukubali. Mzee mmoja akakumbuka alipoteza mbuzi tisa.

"Wakafa, nikaona wasioze bure," Paskali akaendelea. "Nikawapeleka kwa mhunzi wachunwe. Ngozi nikakutunzia. Wengine wangeuza."

Mzee Baran akasema jambo limekwenda kwa utaratibu, mwenye mali aonyeshe shukrani. Nikashukuru, kama nilivyosema. Na wiki iliyofuata nilipeleka dumu la pombe kwa usumbufu alioupata mtunzaji. Lita ishirini. Nilisukuma baiskeli nikiwa na goti hili.

Nilikaa siku nyingi nikiitazama bangili. Mtu aliyeshika shaba miaka ishirini na tatu mkono wake unajua. Niliona ni nyepesi. Nikaipeleka kwa Gidamis, mhunzi Mdatoga anayefua bangili za upande ule wote. Ana shimo la makaa na viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, na husema akiona haja. Aliigeuza mara moja.

"Hii nimefua mimi. Ya harusi ya binti wa Paskali. Binti aliikataa, alisema ni ya bibi kizee."

"Harusi? Aliniambia zilikufa na ukame."

Gidamis akanirudishia bangili. "Mwaka wa harusi ile mvua ilibeba daraja," akasema.

"Alikuletea shaba sita."

"Tano."

"Mimi niliweka sita."

"Mimi nilipokea tano. Nahesabu mbele ya mwenyewe kabla ya kuwasha moto. Mhunzi akikosea hesabu mara moja, wajukuu zake wanaitwa wezi."

Nikamwuliza kama aliiona moja ndogo, yenye mikato miwili pembeni.

"Alikuwa nayo mkononi. Nilimwambia ailete iongeze uzito. Akasema, hapana, hii bibi mmoja anaisubiri. Akaitia mfukoni."

Someni hapo mara mbili. Paskali alijua. Tano aliziyeyusha kwa sababu alitaka bangili, hilo ni ujinga, na ujinga nimeusamehe kwa watu wengi akiwemo Fabiano Amsi. Tano hizo si hasara kubwa, aina hizo tano zimo katika zile kumi na nne za Mama Zainabu. Lakini ya sita aliibakiza akijua ni ya nani, kisha akawaita wazee wasikilize kwamba imekufa.

Nilirudi kwake siku ile ile. Nilimkuta anachoma mahindi. Hakusimama.

"Paskali, ya chumvi haikufa."

"Ngozi ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ulishukuru mbele ya wazee?"

"Nilishukuru."

"Dumu ulileta?"

"Nililileta."

"Basi Fabiano, ng'ombe hafufuki. Karibu mahindi ya kuchoma."

Nilikula moja. Nilikuwa nimetoka mbali. Njiani kurudi ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akifundisha watu kudai ndama: shaba inayozaa kama ng'ombe inaweza pia kufa kama ng'ombe.

Nimemweleza Mwalimu Restituta yote. Akasema yeye ana fremu yenye nafasi sita na siku ya kufungua chumba haisogei. Bibi Agata sijamweleza. Kila nikipita Masakta anauliza kama wameshaigongomea ukutani, namjibu fundi anachelewa. Mtu wa umri wake hastahili kudanganywa, na sitamdanganya tena.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho si kwenu vijana. Ni kwa Mzee Baran na wenzake wanne waliokaa siku ile. Wazee wangu, shikamooni. Mliniambia nishukuru, nikawatii. Desturi inasema ngozi inamaliza kesi ya aliyekufa, na mimi sibishi. Lakini Gidamis mhunzi yuko tayari kusema mbele yenu kwamba alichuna watano. Wa sita hakuchunwa na hana ngozi. Nyinyi mlipokea ushuhuda wa kifo chake bila kuhesabu, basi nanyi mna la kujibu, si Paskali peke yake.

Nawataka mkae tena kabla chumba cha Mbulu hakijafunguliwa. Mimi nitamleta Gidamis. Bibi Agata nitamleta kwa bodaboda, polepole, nauli juu yangu, naye atakaa mbele. Paskali aitwe, asimame, na Mzee Baran amwulize mbele ya mwanamke yule, bila habari za ukame: shaba ya chumvi ya Agata iko mfuko gani?